Mzee Keraryo na Nguruwe Wasiocheua

Baba mkwe wangu, Mzee Keraryo, alikuwa mtu wa ng'ombe. Nikisema hivyo watu wa Bunda na Butiama wananielewa, lakini mwingine anaweza kudhani ni mtu mwenye ng'ombe tu. Sivyo. Mtu wa ng'ombe ni yule ambaye akiamka, kabla ya kunawa uso, anakwenda zizini kuangalia mavi. Mzee Keraryo alikuwa akiyageuza kwa kijiti, kisha anakuambia huyu jana alikula bondeni, yule alikunywa maji machafu, na yule mwenye pembe iliyopinda kesho atakataa kutoka. Na kesho yake mwenye pembe iliyopinda alikataa kutoka.

Mwaka tuliohamishiwa kijijini alipoteza ng'ombe na mke. Hatukuhama mbali. Tulitoka mlimani tukaja kukaa kando ya barabara iendayo Musoma, nyumba zikapangwa mstari kama madawati. Lakini malisho ya huku yalikuwa na kupe wasiojulikana na ng'ombe wetu. Wengi walikufa kwa ndigana, homa ya kupe, waliobaki waliibiwa. Mama mkwe alipatwa na homa mvua zilipoanza, naye hakuinuka. Basi mzee akabaki na fimbo yake na kigoda.

Mume wangu Wenceslaus alikuwa Musoma, akichimba misingi ya nyumba za watu na kulala kwenye chumba cha kupanga pale Kitaji. Alikuja nyumbani akipata lori. Kila akiondoka aliniambia neno moja: "Mama Clementi, mtazame baba."

Kumtazama! Ndicho kitu ambacho sikuruhusiwa. Kwetu mkamwana hamwangalii baba mkwe usoni, hasemi naye ana kwa ana, hamtaji jina, wala hapiti karibu naye hata kama njia ni moja. Ni heshima, na mimi nililelewa humo. Mama mkwe alipokuwa hai hatukuona shida, maana yeye ndiye alikuwa mdomo wetu. Mzee akitaka maji alimwambia yeye, yeye ananiambia mimi. Alipokufa, watu wawili tukabaki kwenye boma moja bila mdomo. Watoto wakishakwenda shule, ilikuwa kimya. Niliweka chakula juu ya kigoda mlangoni kwake, nikakohoa, nikaondoka. Baadaye nilirudi kuchukua sahani. Hali yake niliijua kwa sahani ile. Ikiwa tupu, moyo wangu ulitulia. Ikiwa na ugali ulioguswa pembeni tu, nililala nikisikiliza kama anakohoa.

Niliogopa mambo mawili ambayo kwangu yalikuwa kitu kimoja: kwamba atakufa, na kwamba atakufa mikononi mwangu.

Nguruwe waliletwa njaa ile tuliyokula unga wa njano wa msaada ilipokwisha. Misheni ilikipa kijiji majike wawili na watoto wao waliokwisha kuacha kunyonya, na mkutano ukaitishwa kuamua nani awatunze. Wasabato walisema mapema kwamba wao hata kupita karibu hawatapita. Mwenyekiti akauliza, "Hapa kijijini nani anajua mifugo kumshinda Keraryo?" Watu wakapiga makofi. Wengine wakacheka huku wamejifunika midomo, nami niliwaona.

Jioni ile nikasikia mzee akisema peke yake ndani ya nyumba yake. Alisema, "Nguruwe." Akasema tena, "Nguruwe."

Lakini asubuhi aliamka akakata miti. Alijenga banda nyuma ya jiko langu, imara kama zizi, lenye vyumba, na jike mmoja aliyekuja na mimba akamtenga peke yake upande wa jikoni. Hakuwapa majina. Ng'ombe wake wote walikuwa na majina, hata ndama wa jana, ila hawa aliwaita wote "mwenye pua". Hata hivyo nilimwona, kupitia ufa wa ukuta wa jiko, akigeuza mavi yao kwa kijiti. Na sahani yake ikaanza kurudi tupu. Nikasema moyoni, asante Mungu, hata kama ni kwa nguruwe.

Aliwalisha alivyojua. Lori la kijiji lilipopeleka pamba Bunda lilirudi na makapi ya mbegu za pamba, yale ambayo ng'ombe huyapenda hata kuvunja uzio. Akawapa makapi. Akawakatia majani. Akawapa maganda ya mihogo na viazi vibichi, na machicha ya pombe kila nyumba iliyokuwa na shughuli. Alijaza mabakuli yao kuliko alivyojaza tumbo lake.

Halafu wale nguruwe vijana wakaanza kuhara.

Mwanzoni yalikuwa mavi laini ya kijivu. Baadaye yakaja na utelezi kama kamasi, kisha na damu. Mbavu zikaingia ndani, mikia ikaning'inia. Mzee hakulala. Alifanya kila jambo ambalo angemfanyia ng'ombe. Ng'ombe akihara unamnyima majani mabichi, unampa makavu yenye nyuzi yamfunge tumbo, na maji unampunguzia. Basi akawaongezea makapi na kuwatafutia nyasi kavu, na maji akawapa kidogo. Wakazidi kuhara. Naye akazidi kuwaongezea makapi. Nilimwona akimshika mmoja kichwa, akimlisha kwa mkono, akisema polepole, "Kula, kula wewe, likufunge."

Walipokufa wa kwanza, sahani ilirudi imeguswa pembeni tu.

Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli. Aliitwa Masatu, kijana wa Bukima, mpole, suruali yake imefungwa kwa kamba chini isiingie kwenye mnyororo. Alimwamkia mzee kwa adabu, na mzee akamtazama kuanzia viatu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Bukima, mzee."

"Ziwani. Kwenu mnafugaga nini? Mnafugaga samaki, mnafugaga ningu?"

Watu waliokusanyika wakacheka. Masatu naye akacheka. "Ningu hafugwi, mzee. Tukimpata tunamla."

"Basi na sisi ng'ombe akitushinda tutakuja kukuuliza habari za ningu."

"Lakini huyu si ng'ombe, mzee," Masatu akasema. Akavua shati, akachukua kisu, akampasua nguruwe aliyekufa asubuhi ile, juu ya majani ya mgomba.

Mimi nilikuwa jikoni, kwenye ufa wangu. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kwa yale niliyoyaona siku ile sikuhitaji kusoma. Masatu aliunyoosha utumbo mwembamba, ulikuwa mweupe na safi. Akauonyesha ule mpana. Ulikuwa mwekundu, umevimba, mzito, na alipoupasua ulijaa maji ya damu na utelezi, na ndani yake makapi ya pamba yalionekana kama yalivyotoka guniani. Hata rangi hayakubadilika.

"Ng'ombe ana matumbo manne," Masatu akasema. "Anakula, analala, anacheua, makapi yanalainika. Huyu hacheui. Ana tumbo moja tu, kama wewe na mimi."

"Kama wewe," mzee akasema. "Mimi usinitie humo."

Wakacheka tena, lakini wachache. Masatu akaendelea. Alisema kuna mdudu wa ugonjwa, mdogo asiyeonekana, anakaa kwenye utumbo mpana, na nguruwe anaweza kutembea naye bila kuugua. Ila chakula kisichosagika huku juu kinashuka hadi kule chini, kinachachuka, na hapo mdudu anapata karamu. Makapi, viazi vibichi, machicha, vyote vinafika kule. Akasema dawa ofisini hazijafika na hajui zitafika lini. Kwa sasa aliwataka watoe makapi yote, wawape maji safi ya kutosha, wazoe mavi kila asubuhi. Na chakula kiwe laini, kilichopikwa mpaka kivurugike, viazi au chenga za mchele, pamoja na dagaa, ili kiishie huku juu, mdudu abaki na njaa.

"Waliokwisha kuchoka siahidi," akasema. "Lakini yule jike mwenye mimba bado ana nguvu. Ndiye wa kumuokoa."

"Kupika," mzee akasema. "Nimpikie nguruwe."

Masatu akanawa mikono. Mzee akaingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Siku zilizofuata makapi yaliendelea. Sikumlaumu. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu akabakiwa na ujuzi wake tu, ukimwambia ujuzi huo ndio unaoua, atashika nini? Lakini vijana waliendelea kufa, na kila mmoja alipozikwa, sahani ilizidi kurudi nzito. Halafu nikaona jike mwenye mimba ameacha mavi laini ya kijivu upande wa jikoni.

Nikajua akifa huyo, mzee atamfuata. Sikuwa na mtu wa kumtuma. Mashemeji zangu wako mbali, mume wangu hana lori, na mwenyekiti hajui kusema jambo bila kulitangaza. Basi nikafanya kilichokuwa mikononi mwangu. Nilichukua viazi vidogo vilivyobaki shambani, vile visivyomenyeka, nikavipika kwenye chungu kikubwa cha mama mkwe, kwa kuwa sikuwa na chombo kingine cha ukubwa ule. Wachuuzi wa Bukima walipopita nilibadilishana nao viazi, wakanipa vumbi la dagaa lililobaki chini ya magunia. Nikakoroga. Mzee alipokwenda kukata nyasi mchana, nikayatoa makapi ya jike, nikamwagia uji wangu na maji.

Aliingiza pua, akala mpaka akalamba bakuli.

Sina haja ya kueleza uchovu. Kila mwanamke anajua kuni zinatoka wapi na maji yanatoka wapi. Nilikuwa napikia watoto, nampikia mzee, naenda shamba la kijiji, halafu narudi kumpikia nguruwe. Jirani yangu Nyangi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama Clementi, juzijuzi hapa tulikuwa tunapanga foleni ya unga wa njano. Leo nguruwe anapikiwa viazi?"

"Ni vile vidogo, dada."

"Vidogo kwa nani? Mimi nimekula vidogo kuliko hivyo. Na chumvi umemtilia?"

"Sijatia."

"Mtilie bwana, mgeni huyo." Akaondoka akicheka, lakini maneno yake yalibaki jikoni na mimi.

Siku ya tatu au ya nne mzee alirudi mapema. Alikuta chungu cha mke wake kiko mdomoni mwa banda, na jike anakula. Alisimama. Mimi nilijibanza nyuma ya mlango wa jiko nikainamisha macho. Mzee aliweka nyasi chini, akaingia ndani.

Jioni nilipeleka ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha. Nilikohoa. Niliporudi, chakula kilikuwa hakijaguswa hata pembeni. Asubuhi uji haukuguswa. Mchana haukuguswa. Nikakaa chini nikafikiri, ndipo nikafahamu. Mzee alidhani nimempikia yeye na nguruwe chungu kimoja. Alidhani hivi ndivyo mkamwana wake anavyomwona sasa: ng'ombe wamekwisha, mke amekufa, basi huyu na wenye pua ni hesabu moja.

Ningewezaje kumwambia sivyo? Ningeandika, lakini macho yake hayasomi. Kumtuma Nyangi ni kukitangazia kijiji. Na kila saa aliyokaa bila kula ilikuwa inamwondoa.

Jioni ile jua likiwa bado liko juu ya mlima, mzee alikuwa ameketi nje upande wa pili wa banda, mgongo amenipa, amechoka hata kukaa. Nikachukua chungu nikaenda kwa jike. Nikapiga magoti. Nikaanza kusema na nguruwe, kwa sauti.

"Wewe mwenye pua, kula. Chungu hiki ni cha mama. Tangu mama alipofariki hakijapikiwa mtu. Sufuria ya baba ni ile ndogo ya mfuniko, naisugua kwa majivu, inakaa juu ya kichanja, na wewe hutaigusa mpaka unakufa. Umesikia? Mwiko wake na wako ni mbalimbali. Nimechukua chungu cha mama kwa sababu ni kikubwa, na kwa sababu yeye asingekubali ufe. Ukifa wewe, baba hatakula. Baba asipokula, mimi nitawaambia nini watoto wake? Kwa hiyo kula. Mimi nimechoka, mwenye pua. Nimechoka, lakini nitapika."

Nyangi alikuwa anapita na ndoo kichwani.

"Haya! Mama Clementi sasa anasema na nguruwe!"

"Nguruwe ananijibu vizuri kuliko wewe," nikasema, na Nyangi kwa kucheka akamwaga maji.

Mzee hakugeuka. Ulipita muda mrefu jike akila na mimi nimepiga magoti. Halafu nikasikia sauti ile ambayo kwa miaka mingi ilipita kwa mama mkwe kwanza. Ilikuwa sasa inapita kwa nguruwe.

"Mwenye pua," akasema, mgongo vilevile. "Mama wa hapa akikuuliza, mwambie furu wa jana walikuwa na mchanga. Mwambie leo awaoshe."

Hata hakuwa amewaonja, lakini nilikwenda kuosha furu. Niliwaosha mpaka wakakaribia kuvunjika. Sahani ilirudi na miba tu.

Sisemi kwamba kesho yake aliacha makapi. Alikuwa mbishi. Aliendelea kuwapa wale wa upande wa pili, na mimi nikaendelea na chungu changu upande wa jikoni. Lakini asubuhi alikwenda na kijiti chake, akageuza mavi ya huku, akageuza ya kule. Akarudi ya huku. Alichuchumaa pale kwa muda, akayasogeza, akayanusa. Ya kule yalikuwa damu. Ya huku yalikuwa yameanza kushikana. Hakuna bwana mifugo aliyekuwapo, wala mimi sikusema kitu. Ni mavi yaliyosema naye, na lugha hiyo hakuna aliyemzidi.

Akainuka kwa kushika mti. Akachukua magunia ya makapi, moja moja, akayaburuta mpaka barabarani, akampa mtu mwenye ng'ombe aliyekuwa anapita. Niliyaona mabega yake. Yalikuwa ya mtu anayezika.

"Mwenye pua," akasema aliporudi, "yule wa ningu alisema kweli. Usimwambie."

Wale wa upande wa pili walikuwa wamekwisha kuchoka. Tuliwapikia, tukawapa maji, lakini jike wa pili naye akafa, akabaki mdogo mmoja tu, naye hakukua vizuri. Masatu alirudi baadaye na dawa kidogo kwenye chupa, akaomba radhi kwa kuchelewa. Mzee akamkaribisha kigoda, akamuuliza habari za Bukima, na kuhusu kupika hakumwambia chochote. Ila Masatu aliona chungu. Aliniamkia kupitia ufa, kwa tabasamu, nikaitikia kwa sauti ndogo.

Jike alizaa mvua za vuli zilipoanza. Wengine walizaliwa wamekufa, wengine walikufa siku ileile, waliobaki wakanyonya. Mzee alikaa nao bandani usiku kucha na mchana wa kwanza, amevaa koti kuukuu la mwanawe, na nilipokohoa na sahani alinijibu kwa kukohoa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mimi nikaanguka. Haikuwa homa, ilikuwa miguu tu kukataa. Asubuhi moja nilifumbua macho kumekucha, watoto wamekwisha kwenda shule na njaa yao, na sikuweza kuinuka. Nikawaza kuni, nikawaza maji, nikawaza chungu. Nikalia kidogo kwa hasira, kwa sababu hata kuugua kunahitaji mtu wa kushika kazi yako.

Halafu nikasikia kuni zinavunjwa. Nikasikia harufu ya moshi. Nikajikokota mpaka kwenye ufa wangu.

Mzee Keraryo alikuwa amewasha moto nje, penye mawe matatu, hadharani, wapita njia wote wakimwona. Alikuwa amekalia kigoda chake, anakoroga chungu cha mke wake kwa mti mrefu, kichwa amekigeuza pembeni kukwepa moshi. Hakuna mwanamume wa rika lake aliyewahi kuonekana akipika, hata kwa ajili ya watu. Nyangi alisimama barabarani na ndoo yake, akaitua chini, akatazama.

Mzee alijua nipo kwenye ufa. Alijua siku zote, nadhani.

"Mwenye pua," akasema bila kugeuka, "mwambie mama wa hapa alale. Viazi hivi mimi nitaviona vikivurugika."

Nikarudi kitandani. Sikulala mara moja, maana mtu aliyezoea kusikiliza haachi kwa siku moja. Nilisikiliza mti ukigonga chungu, ukigonga, ukigonga. Alikuwa anakoroga haraka mno. Vingeungua chini. Nilitaka kuinuka nimwambie jike amwambie apunguze moto, lakini miguu ilikataa, nikaacha viungue.